Macho yanatiririka machozi, kumbe ni makavu: uzi wa kuelewa machozi

Mboni_ya_Kisumu

Wanajukwaa, hamjambo.

Mimi ni afisa wa kliniki wa macho, kazi yangu iko hapa Kisumu. Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo ninaloliona kila wiki na linaniuma. Mtu anakuja analalamika kuwa macho yanamtoka machozi mfululizo, zaidi akikaa karibu na moto au akipigwa na upepo. Ameshanunua matone ya kuondoa wekundu dukani, ameyatumia kwa miezi, na hali imezidi kuwa mbaya. Ukimpima unakuta jicho lake ni kavu. Kavu kabisa, huku machozi yanamtiririka mashavuni.

Wengi hawaniamini nikisema hivyo, kwa hiyo niruhusuni nieleze machozi ni kitu gani.

Utando wa machozi uliofunika jicho lako sasa hivi unaposoma hapa una unene wa maikromita 3 hivi, yaani sehemu 3 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Ndani ya unene huo mdogo kuna vitu vitatu. Chini kabisa, panapogusana na jicho, kuna ute. Unatengenezwa na seli ndogo zilizotapakaa kwenye ngozi nyororo inayofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope. Uso wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho, haushiki maji vizuri wenyewe. Ute ndio unaoyafanya maji yatandae badala ya kujikusanya matone matone.

Kisha kuna maji yenyewe. Yanatoka kwenye tezi ya machozi iliyojificha juu ya jicho upande wa nje, chini ya mfupa wa nyusi, pamoja na tezi nyingine ndogondogo za kope. Machozi ni maji kwa asilimia 98 hivi, lakini hizo 2 zilizobaki ndizo zenye kazi nzito. Kuna chumvi za sodiamu, potasiamu, kloraidi na bikaboneti. Kuna kingamwili. Kuna laktoferini, protini inayowanyima bakteria madini ya chuma wanayohitaji ili wazaane. Kuna lisozimu inayovunja ukuta wa bakteria. Habari za lisozimu ziliandikwa mwaka 1922 na Alexander Fleming, yule yule wa penisilini, miaka 6 kabla hajaiona penisilini. Ili apate machozi ya kupimia, aliwakamulia limau machoni wenzake wa maabara kule London.

Juu kabisa kuna mafuta, na hapa ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Jiangalie kwenye kioo: kwenye ukingo wa kope, nyuma tu ya nywele, kuna vitundu vilivyojipanga mstari. Kope la juu lina 25 hadi 40, la chini 20 hadi 30. Ni midomo ya tezi za Meibom, zilizopewa jina la tabibu Mjerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666. Kila ukipepesa macho, kope zinakamua mafuta kidogo na kuyatandaza juu ya maji. Mnajua jinsi mafuta yakitanda juu ya mchuzi unavyokawia kutoa mvuke? Basi hiyo ndiyo kazi yake: kuyazuia maji yasiruke hewani.

Sasa tumrudie mgonjwa wetu. Tezi za mafuta zimeziba, kwa hiyo maji yanakauka kabla hajapepesa tena. Konea inabaki na madoa yasiyo na kinga. Konea ina neva nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, kwa hiyo inalalamika papo hapo, na tezi ya machozi inajibu kwa kumwaga maji mengi kwa mkupuo. Maji hayo ya dharura ni mengi mno kwa mafuta na ute uliopo. Hayashiki, yanamwagika shavuni, na baada ya muda mfupi jicho ni kavu tena. Mchezo unaanza upya.

Ukimpa mtu huyo dawa ya kuondoa wekundu, umebana mishipa ya damu tu. Jicho litapendeza kwa saa kadhaa, dawa ikiisha nguvu mishipa inatanuka zaidi ya mwanzo, naye anaongeza matone. Kilichokosekana hujakigusa.

Ulizeni. Siwezi kumpima mtu kwa simu, lakini nitaeleza ninachoweza.

NyarObunga

Daktari, umemwelezea mama yangu kama uliyekaa naye. Mama anakaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, hapa Obunga tangu sijazaliwa. Asubuhi kope zinashikana, mchana macho yanachoma kama yana mchanga, jioni moto ukiwaka machozi hayakatiki. Kuna matone aliuziwa dukani, kichupa kidogo. Yanamtuliza siku chache, akiacha inarudi, basi ananunua tena. Sasa ni zaidi ya mwaka. Kuna ubaya?

Mboni_ya_Kisumu

Dada, kabla ya yote nenda ukasome kilichoandikwa kwenye kichupa. Tafuta neno linalofanana na deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni. Ukiliona niandikie.

NyarObunga

Imeandikwa deksamethasoni na neomaisini.

Mboni_ya_Kisumu

Asante kwa kuangalia haraka. Nisikilize vizuri, na wengine pia someni hapa.

Deksamethasoni ni steroidi. Ni dawa nzuri sana ikitolewa na mtu aliyelipima jicho na anayelifuatilia. Inazima uvimbe upesi, ndiyo maana mama anahisi nafuu. Lakini ikitumika miezi na miezi bila uangalizi, kwa baadhi ya watu inapandisha presha ya macho. Presha ya macho haiumi. Inakula neva ya kuonea kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho mapema. Na kama mtu amekwaruzwa jicho na jani la muwa au la mahindi, jambo la kawaida sana kuanzia Mumias hadi Muhoroni, halafu akadondosha steroidi kwenye kidonda chenye kuvu, anaweza kulipoteza jicho lenyewe.

Mpeleke mama wiki hii apimwe presha ya macho na mishipa ya nyuma ya jicho, yaani ile neva ya kuonea. Hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu kuna kliniki ya macho, na kwa walio upande wa Vihiga kuna hospitali ya macho ya Sabatia. Beba hicho kichupa, usiwaeleze kwa mdomo tu. Watakuambia jinsi ya kuiacha.

Kuhusu ukavu wenyewe, hili mnaweza kulianza leo usiku. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji ya moto yanayovumilika, ukijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako. Mama afumbe macho, kikae juu ya kope dakika 5 hadi 10. Kitambaa hupoa haraka, kwa hiyo uwe unakichovya tena na tena, maana mafuta yaliyoganda kwenye tezi yanahitaji joto la nyuzi 40 hivi ili yalainike. Baadaye, kwa kidole kilichooshwa, sugua kope la juu taratibu kuelekea chini na la chini kuelekea juu, kama unayasukuma mafuta yatoke ukingoni. Futa magamba ya kwenye nywele za kope kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mara mbili kwa siku. Nafuu yake haiji kesho, inataka wiki kadhaa za kutoacha.

Moshi nao. Najua siwezi kumwambia mama aache kukaanga, hiyo ndiyo karo na kodi ya nyumba. Lakini jiko likisogezwa ili upepo umpige mgongoni badala ya usoni, tayari ni tofauti kubwa. Miwani mikubwa inayofunika pembeni inasaidia pia. Moshi unaudhi konea na kuuvuruga ule utando kwa mpigo mmoja.

NyarObunga

Nimeandika yote. Asante sana, daktari. Jumatano nampeleka.

FundiKibuye

Sisi wachomeleaji je? Kazi ni mchana, lakini saa nane za usiku ndipo macho yanawaka moto, machozi yanamwagika, hata balbu huwezi kuitazama. Hapa Kibuye tunaweka kipande cha kiazi au maziwa mabichi.

Mboni_ya_Kisumu

Kaka, hayo ni machozi ya aina nyingine. Mwale wa urujuanimno kutoka kwenye cheche umeunguza ngozi ya juu ya konea, na maumivu huchukua saa 6 hadi 12 kufika, ndiyo maana yanakukuta kitandani. Machozi yanamwagika kwa sababu neva ziko uchi. Ngozi hiyo kwa kawaida hujirudisha ndani ya siku 1 au 2 ikiachwa safi. Maziwa mabichi yana bakteria na wewe una kidonda wazi, usiweke. Kiazi nacho kinatoka shambani.

Kitu kimoja nakusihi: usikubali kuuziwa yale matone ya ganzi ukatembea nayo mfukoni. Yanaondoa maumivu kwa dakika chache na yanazuia konea isipone. Nimewaona vijana wenye makovu ya kudumu kwa sababu hiyo. Vaa kinyago chenye kioo cheusi cha kuchomelea, na anayekushikia chuma avae pia. Miwani ya jua ya barabarani haizuii mwale huo.

Section58_Boda

Salamu kutoka Nakuru. Huku kuanzia Januari vumbi ni letu sote. Nikifika jioni macho yanawasha mpaka nayasugua kwa ngumi, halafu yanatoa uzi mweupe wa ute. Ni ukavu huo huo?

Mboni_ya_Kisumu

Ukiniambia yanawasha, yaani unataka kuyakuna, mimi nafikiria mzio kwanza. Ukavu huchoma na kukwaruza, mzio huwasha. Huo uzi wa ute unaovutika ni dalili nyingine ya mzio: zile seli za ute zimechokozwa na zinazidisha kazi. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja.

Acha kusugua. Kusugua kunaamsha mwasho zaidi, na kwa miaka mingi kunaweza kuiharibu konea ikachongoka. Teremsha kioo cha helmeti hata kama mwendo ni mfupi. Ukifika nyumbani nawa uso, halafu kitambaa cha baridi juu ya macho. Hapo kwako ni baridi, si moto kama cha mama wa Obunga. Ikiendelea nenda upewe matone ya mzio, na useme wazi kuwa hutaki steroidi bila kupimwa.

Jambo jingine: vidonge vya mafua na mzio vya kumeza, hasa vile vya zamani vinavyoleta usingizi, hukausha machozi. Ukimeza kila siku unajipunguzia maji ya macho.

MamaPacha_Bungoma

Mulembe. Nina pacha wa miezi miwili. Kulwa yuko sawa, lakini Doto jicho la kulia linalengwalengwa machozi muda wote na asubuhi limejaa tongotongo. Jicho lenyewe ni jeupe, halijavimba. Kukhu wao, yaani bibi yao, anasisitiza nimkamulie maziwa ya titi kwenye jicho. Nifanye nini jamani?

Mulembe254

Mama pacha, wangu alikuwa hivyo hivyo. Tulifundishwa kumkanda kando ya pua na kabla hajafikisha mwaka ilikwisha yenyewe. Usiwe na hofu sana.

Mboni_ya_Kisumu

Mulembe amesema vyema, nami nitaongeza ili mama pacha aelewe anachokanda.

Machozi yana njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Tazama kona ya ndani ya kope la chini, karibu na pua: kuna kitundu kidogo sana. Cha pili kiko kope la juu. Ukipepesa, machozi yaliyokwisha kutumika yanavutwa humo, yanaingia kwenye kifuko kilicho kando ya pua, na kutoka hapo yanateremka kwa mfereji hadi ndani ya pua. Ndiyo maana mtu akilia anapenga kamasi, na ndiyo maana ukitiwa dawa ya jicho unaisikia uchungu kooni.

Kwa watoto wengi wachanga mwisho wa mfereji huo una kijiwambo ambacho hakijafunguka. Machozi ya Doto ni mazuri, hayana pa kwenda tu. Takriban watoto 9 kati ya 10 wenye hali hii hupona wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Kata kucha, nawa mikono, weka ncha ya kidole kidogo kwenye kona ya ndani ya jicho, karibu na mfupa wa pua, bonyeza kwa upole na uteremshe kuelekea chini. Fanya hivyo mara kadhaa kila unapomnyonyesha. Tongotongo futa kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba mpya kila mara.

Kuhusu Kukhu: mheshimu, anawapenda wajukuu wake. Mwambie maziwa hayo yapite mdomoni, huko ndiko yanakomkinga Doto. Kwenye jicho lenye maji yaliyotuama yanaweza kuwa chakula cha bakteria.

Lakini kuna hali za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye usaha mwingi na kope zilizovimba: hayo yanaweza kuwa maambukizi aliyoyapata wakati wa kuzaliwa, na mengine hutoboa konea kwa siku chache. Uvimbe mwekundu kando ya pua wenye homa. Na mtoto anayetokwa na machozi, anayekimbia mwanga, huku kioo cha jicho kikionekana kikubwa au chenye ukungu. Hiyo inaweza kuwa presha ya macho ya kuzaliwa nayo, nayo hutibiwa kwa upasuaji mapema.

MamaPacha_Bungoma

Hana hata moja kati ya hizo, Mungu ni mwema. Nimemweleza Kukhu na ameelewa. Sasa yeye ndiye anayemkanda kunishinda.

Omera_Ahero

Mimi nauliza kwa nia njema. Wazee wetu hawakuwa na kliniki hizi. Walikamua majani machoni, wakala mboga za dek na apoth, na walivuta nyavu usiku wakiona vizuri. Kwa nini leo kila kitu ni matone ya dukani?

Mboni_ya_Kisumu

Omera, swali zuri na nusu yake nakubaliana nayo kwa moyo wote.

Kuhusu chakula, wazee walikuwa sahihi. Zile seli za ute nilizozitaja mwanzoni zinahitaji vitamini A. Ikipungua zinakufa, weupe wa jicho unakosa mng'ao, mtoto anaanza kujikwaa magiza yakiingia, na mwishowe konea inaweza kuyeyuka. Dek, apoth, osuga, majani ya kunde, boga, maini, omena wanaoliwa wazima, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinavyolimwa sana Homa Bay, Busia na Bungoma: vyote vinaijenga. Mboga ipikwe na mafuta kidogo, maana vitamini hiyo haifyonzwi vizuri bila mafuta. Na mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apelekwe kliniki apate tone la vitamini A kila baada ya miezi 6. Wiki za Malezi Bora, Mei na Novemba, zipo kwa ajili hiyo pia.

Nusu ya pili siikubali. Maji ya majani yaliyokamuliwa hayana chumvi sawa na ya machozi, asidi yake haijulikani, na yanabeba kuvu na bakteria wa shambani. Utando wa machozi una uchachu wa karibu 7.4, sawa na damu, na konea inahisi tofauti ndogo. Makovu meupe unayoyaona kwenye macho ya baadhi ya wazee wa vijijini, mengine yalianza na jicho jekundu la kawaida lililotiwa dawa ya majani. Tuwaenzi wazee kwa mboga zao, majani yasiingie machoni.

Omera_Ahero

Nimekuelewa. Hilo la makovu sikulijua.

Mwanafunzi_Maseno

Mimi tatizo langu ni tarakilishi. Nikisoma kwa muda mrefu herufi zinafifia, nikipepesa zinarudi. Nilidhani nahitaji miwani. Na swali la pili, la kutaka kujua tu: machozi ya kitunguu, ya kilio na ya kawaida ni kitu kimoja?

Mboni_ya_Kisumu

Hilo la kufifia kisha kurudi ni utando wa machozi unaopasuka. Mwanga ukiingia jichoni, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni machozi, kabla hata ya konea. Utando ukiwa laini picha ni safi, ukipasuka picha inavurugika. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, na mbele ya skrini hushuka hadi 5 au 7, tena mara nyingi kope hazifiki chini kabisa. Kila dakika 20 inua macho utazame mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20, na upepese kwa kukusudia mpaka kope zigusane. Shusha skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho ili jicho lisibaki wazi sana. Kapime miwani pia, maana huenda ukahitaji vyote viwili.

Kliniki tunapima hivi: tunatia rangi ya fluoresini, tunamulika kwa mwanga wa buluu, mgonjwa anazuia kupepesa, nasi tunahesabu sekunde mpaka doa jeusi la kwanza litokee. Chini ya 10 si nzuri. Kipimo kingine ni karatasi nyembamba inayoning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5, kazi ya Mjerumani Otto Schirmer ya mwaka 1903. Ikilowa chini ya milimita 5, tezi ya maji yenyewe imeishiwa. Ndivyo tunavyotofautisha aliyekosa mafuta na aliyekosa maji, kwa sababu tiba zao hazifanani.

Machozi yapo ya aina tatu. Ya msingi yanatoka kidogo kidogo usiku na mchana, yanalisha konea, ambayo haina mishipa ya damu na hupata oksijeni ya hewani kupitia machozi hayo. Ya dharura yanakuja kwa moshi, vumbi au kitunguu. Kitunguu kikikatwa hutoa gesi yenye salfa inayozichoma neva. Ya tatu ni ya hisia, na kulia kwa huzuni ni kwa binadamu. Hayo yanaanzia kwenye ubongo, si kwenye konea. Mtu akilia matanga usiku kucha macho yake huamka yamevimba na kuchoma, kwa sababu mafuriko yameusomba ule utando na kujifuta mara kwa mara kumechokoza kope. Aachwe alie. Maji safi ya baridi usoni yanamtosha.

Mogotio_Kwetu

Nafanya kazi Nakuru, nyumbani ni Baringo. Mama mzazi ana nywele za kope zinazoingia ndani, anazing'oa kwa kibano kila mwezi. Machozi hayaishi.

Mboni_ya_Kisumu

Pole sana. Uliyoyaeleza yanafanana na kikope (trakoma), ugonjwa ambao umeisumbua Baringo kwa miaka mingi. Bakteria wake huambukizwa na nzi, mikono na taulo za kushirikiana. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, upande wa ndani wa kope unafanya kovu, kovu linavuta kope, na nywele zinageuka kuikwaruza konea kila anapopepesa. Kovu hilo hilo huua seli za ute na kuziba mirija ya machozi. Ana jicho lililokosa ute na linalokwaruzwa mchana kutwa.

Kung'oa kunampa nafuu kidogo, nywele zinarudi fupi na ngumu. Kuna upasuaji mdogo wa kuligeuza kope, unafanywa kwa ganzi na anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tafadhali usiusubirishe. Konea ikishapata kovu jeupe, kuligeuza kope hakutamrudishia alichopoteza. Watoto wa hapo nyumbani waoshwe nyuso kila siku, na kila mmoja awe na taulo lake.

Mogotio_Kwetu

Naomba likizo kesho.

MwalimuMstaafu_Kakamega

Daktari, nina miaka 61. Mdomo mkavu, macho makavu, viungo vya vidole vinauma. Niliambiwa ni uzee.

Mboni_ya_Kisumu

Shikamoo mwalimu. Umri, na kwa akina mama kukoma hedhi, hupunguza machozi kweli. Lakini macho, mdomo na viungo kwa pamoja vinanifanya nifikirie ugonjwa ambao daktari Msweden Henrik Sjögren aliuandikia tasnifu mwaka 1933. Kinga ya mwili inageuka na kuzishambulia tezi za machozi na za mate. Omba upimwe damu na daktari wa magonjwa ya ndani, si wa macho peke yake. Mtaje pia dawa zote unazomeza, maana baadhi ya dawa za presha, za usingizi na za msongo hukausha macho.

NyarObunga

Nimerudi. Mama amepimwa. Presha ya jicho la kushoto imepanda kidogo, mishipa ya nyuma bado ni mizima. Wamembadilishia dawa na atarudi kupimwa. Wamempa pia matone ya machozi bandia. Maelezo ya mwisho: ayatie vipi? Anatia matatu matatu akidhani ndiyo nguvu, na kichupa kinaisha upesi.

Mboni_ya_Kisumu

Nimefurahi mno kusikia mishipa ni mizima.

Tone moja linatosha. Jicho kwa kawaida hubeba maikrolita 7 hadi 10 za machozi, na likijazwa kabisa hushika kama 30. Tone moja la kichupa ni maikrolita 30 hadi 50. La pili na la tatu anayapaka shavuni. Avute kope la chini kidogo, adondoshe kwenye mfuko unaojitokeza bila ncha ya kichupa kugusa nywele, afumbe taratibu bila kukaza, na abonyeze kona ya ndani kwa dakika moja ili dawa isiteremke puani. Kama ana dawa mbili, kati yake zipite dakika 5, ya majimaji itangulie na ya marhamu ije mwisho.

Angalia pia kama kichupa kina kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu. Kikitumika mara 4 kwa siku, sawa. Akihitaji zaidi ya hapo, omba vile vichupa vidogo vya kutumia mara moja visivyo na kihifadhi, kwa sababu benzalkoniamu nyingi inavunja ule utando wa mafuta tunaojaribu kuurudisha. Ni ghali zaidi, kwa hiyo aendelee na kitambaa cha moto ili mahitaji yapungue. Na kichupa cha kawaida kikishafunguliwa, andika tarehe kwa kalamu. Baada ya wiki 4 kitupwe hata kama kimebaki nusu.

NyarObunga

Tarehe nimeiandika. Kilifunguliwa Jumatano.